Muulize Kilichobaki Kabatini

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo wakusanyaji wengi wa sarafu hawaliulizi, wengine kwa haya, wengine kwa kudhani jibu lake wanalijua. Mtu anaingia duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja, au Mji wa Kale, Mombasa. Au anapokea orodha ya bei kutoka kwa muuza sarafu wa London au wa Ujerumani. Anapitisha macho kwenye vilivyopangwa, asipokiona anachokitafuta anasema hakipo, anakwenda zake. Nami namwambia: bado hujajua kama hakipo. Ulichojua ni kwamba hakijawekwa mezani. Umeondoka kabla ya kuuliza, "Na zile ambazo hujazitoa, zipo zipi?"

Ukitaka kuona uzito wa swali hili, itazame kazi ya muuza sarafu ukiwa upande wake wa meza. Amenunua mkusanyo mzima kutoka kwa familia ya mtu aliyefariki. Kila sarafu inataka kupimwa, kusomwa, kupigwa picha mbele na nyuma, kuandikiwa maelezo na kutiwa bei. Kazi hiyo inachukua muda uleule kwa sarafu ya bei ya kikombe cha chai na kwa sarafu ya bei ya gari. Basi anaanza na zile kubwa, kwa kuwa ndizo zinazomlipia pango. Ndogo zinatiwa kwenye bahasha, bahasha zinatiwa kwenye sanduku, sanduku linaandikwa "Afrika", na hukaa hapo mpaka mwenyewe akasahau kilichomo. Katika maduka ya Ulaya, sehemu kubwa ya sarafu za kwetu zimo ndani ya sanduku hilo.

Usidhani ni dharau. Ni hesabu ya biashara tu. Wateja wake wengi wanataka sarafu za Roma, za Uingereza, za Marekani, na hao ndio anaowapangia meza. Tena zipo ambazo hakuzitoa kwa kuwa hana uhakika nazo: maandishi yamemshinda kusoma, au ameona sarafu ina tofauti na wenzake lakini hajapata nafasi ya kuichunguza. Zipo alizomwekea mteja wa miaka mingi ambaye hajaja kuzichukua. Na zipo zilizotobolewa, ambazo mkusanyaji mwingine hataki hata kuzigusa. Kwako huenda tundu hilo ndilo historia yenyewe, maana pwani yetu fedha zilivaliwa shingoni na kifuani, na bibi aliyeitoboa riale alikuwa akiiweka mahali salama kuliko sanduku lolote.

Nianze na mfano wa bei ndogo, kwa kuwa ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na wafalme watatu. George wa Tano alifariki tarehe 20 Januari. Mwanawe, Edward wa Nane, akarithi, akakiacha kiti mwezi Desemba kwa ajili ya mwanamke aliyetaka kumwoa, na mdogo wake akawa George wa Sita. Huko Uingereza kwenyewe, sarafu zenye kichwa cha Edward hazikutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Hazikuwa na kichwa cha mfalme, zilikuwa na taji na jina lake tu. Hazikuwa na haja ya kusubiri picha ya mfalme mpya ichorwe na ikubaliwe. Zikapigwa, zikaletwa, zikaingia masokoni. Mama aliyekuwa akinunua chumvi Mwanza au Kisumu alishika mkononi jina la mfalme ambalo mtu wa London hakulipata kwenye chenji yake. Na Unguja ndiyo kwanza ilikuwa imeiacha rupia na kuingia kwenye shilingi, tangu tarehe 1 Januari mwaka huohuo, kwa hiyo senti za Edward zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa kuzoeleka visiwani.

Sasa, muuza sarafu akiwa nazo bahasha nzima, ataandika "Afrika Mashariki, senti kumi, 1936", basi. Au hataandika kabisa, kwa sababu bei yake hailipi hata muda wa kuipiga picha. Ukimwuliza, "Una senti kumi za 1936?" atakujibu ninazo, atakupa ya juu. Kumbe mwaka huo mmoja zipo zenye jina la George na zenye jina la Edward. Na za Edward zipo zenye herufi H, zilizopigwa kiwanda cha Heaton mjini Birmingham. Zipo zenye KN, za kiwanda cha King's Norton, hukohuko Birmingham. Na kwenye senti kumi zipo pia zisizo na herufi yoyote. Herufi yenyewe ni ndogo, iko upande wenye pembe za ndovu, na kwenye sarafu iliyozunguka sokoni miaka mingi inahitaji kioo cha kukuzia na mwanga wa ubavuni. Hakuna muuzaji atakayeifanya kazi hiyo bila kuombwa.

Mwombe hivi: "Nakusanya senti kumi za 1936 zenye jina la Edward. Ninayo yenye H. Natafuta yenye KN na ile isiyo na herufi, zinazosomeka vizuri. Kama zimo kwenye mchanganyiko usio na bei, naomba uzitandaze mezani unipigie picha moja ya zote, nitazichambua mwenyewe." Itazame barua hiyo. Mtu aliyeipokea amejua kwamba anasema na mtu anayejua anachotaka, ambaye hatamzungusha, na ambaye amejitwisha ile kazi ndogo iliyokuwa inamchosha. Kupiga picha moja ya rundo ni dakika moja. Atakupigia. Na ndani ya rundo hilo utaona vitu ambavyo hata hukufikiri kuviuliza.

Linganisha na swali ninalolisikia mara nyingi zaidi: "Una nini cha zamani?" Swali hili linamfungulia muuzaji sinia la watalii. Amekusikia kwamba hujui, na hana sababu ya kuinuka kwenye kiti. Sisemi ni mtu mbaya. Ila kabati la nyuma halifunguliwi kwa swali la jumla, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui aanzie wapi.

Tusitoke kwenye mwaka 1936 kabla sijawaambia jambo moja zaidi. Afrika Magharibi ya Mwingereza, yaani Nigeria, Gold Coast, Sierra Leone na Gambia, nayo ilitumia peni yenye tundu, na viwanda vya Birmingham vilipiga sarafu za huku na za kule. Ikatokea muhuri wa senti kumi za kwetu ukafungwa kwenye mashine pamoja na muhuri wa peni ya Afrika Magharibi. Zikatoka sarafu zenye upande mmoja wa Mashariki na upande mwingine wa Magharibi. Wataalamu wanazijua, na katalogi zinazitaja. Lakini muuzaji aliyeziona kwa haraka ataziweka wapi? Huenda kwenye sanduku la Afrika Magharibi. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki asiyeuliza habari za sanduku la jirani hataiona sarafu yake kamwe. Kwa hiyo unapouliza, taja na majirani: Msumbiji, Somalia ya Waitaliano, India ya Mwingereza, Kongo, Oman. Biashara ya bahari yetu haikujua mipaka ya katalogi, na masanduku nayo hayaijui.

Twende Tabora, na hapa nitakaa kidogo, maana mimi sarafu za Tabora nazipenda kuliko zote. Wajerumani walipotawala, kwanza walikuwa na rupia ya pesa 64. Tangu 1904 rupia ikagawanywa kwa heller 100, na sarafu zililetwa kutoka viwanda vya Berlin na Hamburg, zikiwa na herufi A au J. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, manowari za Uingereza zikaziba bahari, sarafu zikaacha kuja. Askari wanataka mshahara, wapagazi wanataka ujira, sokoni hakuna chenji. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zikapigwa heller 5 kwa shaba nyeupe, na heller 20 kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu, na herufi T chini. Ikapigwa na rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliuingia mji wa Tabora. Sarafu hizo, tangu kuzaliwa mpaka kufa kwa kiwanda chake, ni kazi ya miezi michache.

Zana zilikuwa za dharura, na sarafu zinaonyesha. Kwenye heller 20 kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Upande wa pili, zile herufi L mbili za neno HELLER hazifanani kwenye kila muhuri: kwingine ncha zake zimechongoka, kwingine zimejikunja. Changanya taji mbili, aina za L, na metali mbili, utapata familia nzima ya sarafu, na baadhi ya mchanganyiko huo ni adimu sana kuliko mwingine. Muuzaji anayejali Afrika Mashariki ya Kijerumani atazitenganisha. Wengi hawazitenganishi. Wanaandika "Heller 20, 1916, T", wanaweka bei moja, na zile zilizochakaa hawaziandiki popote. Mimi nimewahi kumwandikia muuzaji mmoja wa Ulaya ambaye kwenye orodha yake hakukuwa na hata moja ya Tabora. Nilimweleza habari za taji na za L. Alijibu kwamba anazo kadhaa ndani ya sanduku la metali mchanganyiko, na kwamba hakuwahi kujua kuna cha kutazama. Alizitazama. Kutoka siku hiyo amekuwa akizitazama zote zinazompitia, na mimi ni wa kwanza kuambiwa.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlishike. Swali lililonyooka humpa muuzaji macho mapya, na macho hayo yataendelea kukufanyia kazi hata ukiwa umelala. Lakini lazima uwe umesoma kwanza. Huwezi kumfundisha mtu kutazama L ambayo wewe mwenyewe hujaitazama.

Wasikilizaji wangu wa pwani wana nguvu moja ambayo wengi hawajaitambua. Chukua pesa ya shaba ya Seyyid Barghash bin Said. Barghash alitawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, na pesa zake zina mchoro wa mizani upande mmoja. Zipo za mwaka 1299 wa Hijria na za mwaka 1304, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Mtoto aliyepita chuoni anazisoma kwa mtupo mmoja wa jicho. Muuzaji wa Ulaya, asipokuwa na ujuzi huo, anaziona zote ni "pesa ya Zanzibar" na kuzitia bahasha moja. Tena mizani haikuwa ya Barghash peke yake. Kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa ilitoa sarafu yake ya shaba yenye mwaka 1888 na 1306, nayo ina mizani. Na kabla yao, Kampuni ya India ya Mashariki ilipiga shaba zenye mizani huko Bombay, na hizo ziliingia pwani yetu na majahazi ya kaskazi. Shaba tatu, mizani tatu, rangi moja ya kahawia. Nenda kwa muuzaji umwombe rundo lote la shaba zenye mizani, hata zile alizodhani ni za India. Mwombe usome mwenyewe. Mara nyingi atafurahi, kwa sababu unamfanyia kazi ambayo angemlipa mtu mwingine kuifanya.

Riale ya fedha ya Barghash ya mwaka 1299, yaani 1882, ni habari nyingine, na zile za dhahabu za mwaka huo ni habari ya juu zaidi. Vivyo hivyo senti za mwaka 1908 za Seyyid Ali bin Hamoud, zenye mnazi, ambazo nyingi ziliyeyushwa. Hizi muuzaji hazisahau sandukuni. Kama anazo na hazimo kwenye orodha, ujue amezificha kwa makusudi, anasubiri mnada au anasubiri mtu. Hapo swali halitakuwa "unayo?" Litakuwa "ikikupitia, utanikumbuka?" Na jibu lake litategemea alivyokuona ulipokuwa ukinunua shaba za bei ndogo.

Mutrah, kule Maskati, yapo maduka yanayouza fedha na sarafu za kale, na za Unguja humo hazikosekani, kwa sababu ya uhusiano wa damu na wa dola uliokuwapo kati ya pande hizo mbili. Ukifika huko, jaribu Kiswahili. Wapo wengi waliokulia Unguja au waliozaliwa na watu wa Unguja, na mazungumzo yakianza kwa kuulizana mitaa, kabati linafunguliwa kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi kulifungua.

Sasa nije kwenye hatari, maana neno "sijaitoa kwa watu" lina watu wanaolitumia kama chambo. Unaingia dukani, unauliza kwa adabu, muuzaji anatazama huku na huku, anavuta droo, anafunua kitambaa. "Hii simwonyeshi kila mtu. Ni ya enzi ya Seyyid Said." Ndani ya kitambaa kuna fedha kubwa, nzito, yenye kichwa cha mwanamke na mwaka 1780. Ni riale ya Maria Theresa, na mwaka huo haukuambii lolote kuhusu umri wake. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na riale yake ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule uliogandishwa, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, wa Uhabeshi, wa Arabuni na wa pwani yetu walikataa nyingine. Imepigwa Vienna, Roma, London, Bombay, Paris na kwingineko, hata katika karne ya 20. Kwa hiyo aliyonayo mkononi yaweza kweli kuwa ya karne ya 19, na yaweza kuwa imepigwa baada ya babu yako kuzaliwa.

Hapa usibishane. Uliza. "Shikamoo mzee. Naomba niipime." Uzito wake sahihi ni gramu 28 na sehemu ndogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Toa sumaku, isishike. Kisha uliza: "Unaijua ni ya kiwanda gani? Tuitazame ile bruchi begani na manyoya ya mkia wa tai." Wataalamu wanatenganisha viwanda kwa alama ndogo kama hizo, kwa idadi na mpangilio wa lulu kwenye bruchi, na kwa umbo la manyoya. Muuzaji mkweli atasema, "Mwanangu, hayo siyajui, lakini tazama." Muuzaji mwenye chambo atakasirika, au atakuambia kuna mtu mwingine anaitaka jioni hii. Ukisikia neno jioni hii, mrudishie kitambaa chake, umshukuru, utoke. Na rupia 15 ya Tabora ni hivyohivyo. Zinazoghushiwa zipo, na dhahabu halisi ina gramu 7 na kidogo. Asiyekuruhusu kupima amekwisha kukujibu.

Kuna droo nyingine, msikilizaji, ambayo naomba usiifungue kabisa. Nayo ni ya sarafu za Kilwa.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa. Hazina mwaka. Zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, na kwenye nyingi, maneno ya upande mmoja yanaoana kwa vina na jina lililo upande wa pili. Ushairi kwenye shaba ya kununulia mtama! Nani asiyetamani kuwa nayo? Nami natamani. Lakini swali la "una kitu ambacho hujakitoa?" likiulizwa kwa muuzaji aliye karibu na magofu, laweza kugeuka kuwa agizo. Yeye atamwambia mwingine, huyo atamwambia kijana mwenye jembe, na wiki mbili baadaye kuna shimo Kilwa Kisiwani au Songo Mnara. Magofu hayo yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuanzia 2004 hadi 2014. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuviuza kunahitaji kibali. Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Hizo sheria si za kuwasumbua wakusanyaji. Zina sababu, na sababu yake inaonekana vizuri Pemba.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walikuta akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogondogo, zenye majina ya watawala wa kwetu na zisizo na mwaka. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka nje, zikiwemo za dola ya Fatimiya ya Misri, na hizo zina mwaka. Kwa kuwa zote zilikutwa mahali pamoja, zile za nje ziliwapa wataalamu njia ya kukadiria enzi ya zile za ndani, na historia ya pwani ikarudi nyuma hadi karne ya 11 ikiwa na majina ya watu. Fikiria akiba hiyo ingechimbwa usiku. Dhahabu ingeuzwa Dubai, fedha zingegawanywa madukani moja moja, na tungebaki na vipande vya metali vyenye majina tusiyojua ni ya lini. Upo na mfano wa mbali zaidi: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, akaweka alama kwenye ramani mahali alipoziokotea. Kwa sababu ya alama ile ya kalamu, watafiti waliweza kurudi hapo miaka karibu 70 baadaye. Sarafu zenyewe ni shaba chakavu. Alama kwenye ramani ndiyo iliyozifanya habari ya dunia.

Basi kwa sarafu za kale kiasi hicho, la kuuliza ni moja: imetoka wapi, lini, na karatasi zake ziko wapi? Akikuonyesha kwamba ilikuwa kwenye mkusanyo unaojulikana tangu zamani, na ina kibali, mnaweza kuendelea. Akisema, "Kuna kijana huwa ananiletea," simama hapo. Usiulize bei hata kwa udadisi. Bei uliyouliza itamfikia yule kijana kabla hujafika nyumbani.

Sarafu za baada ya uhuru nitazipitia haraka, si kwa kuzidharau. Za Tanzania za 1966, zenye sungura na mbuni na mwenge, na za Kenya za mwaka huohuo, wauzaji wengi huziuza kwa kilo. Hapo kuuliza kunalipa kwa namna moja: mwombe akuuzie zile ambazo hazikutumika, zilizokaa benki au kwenye seti za maonyesho, maana hizo huziweka kando na kusahau kuziandika. Na kwa wanaokusanya Uganda, uliza kila mahali habari za shilingi 5 za 1972, zile za pembe saba. Ziliondolewa, nyingi zikayeyushwa, na aliyenayo mara nyingi hajui kwamba anayo.

Imebaki adabu ya kuuliza, ambayo kwetu tunaijua ila tukifika kwenye bei tunaisahau. Ukimwomba mtu akutafutie, muda wake umeutumia. Akikutumia picha, mjibu siku ileile, hata kama jibu ni hapana, na umwambie kwa nini ni hapana: "imesuguliwa", "ninayo iliyo bora", "bei imenizidi". Sababu hiyo ndiyo itakayomwongoza safari ijayo. Kuomba apunguze si vibaya, na Unguja hata angekushangaa usipoomba. Lakini omba baada ya kuitazama sarafu, kwa kiasi, mara moja. Usimwombe akuangalizie sanduku zima halafu ubishane kwa sarafu moja ya bei ya andazi. Usimwombe aisafishe kabla ya kuituma. Shaba iliyosuguliwa kwa ndimu au dawa ya vyombo imeondolewa ngozi yake, na ngozi hiyo hairudi. Na usinunue kitu usichokitaka kwa kumwonea haya kwamba amehangaika. Yeye ni mfanyabiashara, anajua kutofautisha mteja mwaminifu na mteja mwenye haya, na aliye mwaminifu ndiye atakayemwekea.

Mwachie karatasi. Hata zama hizi za simu, karatasi iliyoandikwa kwa mkono wako, yenye jina, namba, na sarafu chache tu unazozitafuta, hukaa ndani ya droo yake kuliko ujumbe wowote. Andika chache. Orodha ya kurasa tatu hakuna anayeisoma. Yenye sarafu nne huikariri bila kutaka. Kila ukipata mojawapo, hata kwa muuzaji mwingine, mpe habari aifute. Atakuamini zaidi kwa hilo kuliko kwa manunuzi.

Halafu subiri. Inaweza kupita misimu miwili ya masika bila neno. Siku moja simu itaita, na atakuambia kwamba amenunua vitu vya nyumba fulani, na ndani yake kuna ile uliyomwandikia, hajamwonyesha mtu. Ukiwa na pesa, nenda siku hiyo. Ukiwa huna, mwambie palepale kwamba huna, ili ampigie wa pili kwenye foleni kabla giza halijaingia.